Jiko la futi saba kwa sita Ngamiani: ndoo saba za chakula zilivyopata pa kukaa

Nyumba yenyewe ni ya kawaida ya Ngamiani, Tanga: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, na huko uani jiko na bafu vinagawana ukuta mmoja. Wanaoishi humo ni sita: mume na mke, watoto watatu, na mama yake mume. Mke anakaanga maandazi ya asubuhi kwa kuuza, kwa hiyo unga wa ngano pale si wa chapati za siku moja moja. Shida yao ni kwamba chakula cha mwezi hakina pa kukaa. Gunia la mchele lilikuwa chini ya kitanda, kiroba cha sembe ukumbini juu ya kiti kibovu, dumu la mafuta nyuma ya mlango wa jiko, na panya wakijua njia ya kote kutatu.

Kwa tepu, jiko lina sentimita 213 kutoka mashariki hadi magharibi na 183 kutoka kaskazini hadi kusini. Kuta zina urefu wa mita 2.7, juu ni bati bila dari. Mashariki kuna dirisha, na chini yake meza ya zege yenye upana wa sentimita 60, inayokwenda urefu wote wa ukuta. Imekaa juu ya kuta fupi za matofali zinazoacha uwazi mara tatu chini yake, kila mmoja na upana wa sentimita 55. Kusini ndiko bafu. Magharibi ni ukuta wa chumba cha kulala. Kaskazini kuna mlango wa sentimita 75, na fremu yake inaanza sentimita 36 kutoka kona ya magharibi. Hizo 36 ndizo zilizokuja kuamua kila kitu, nazo hakuna aliyewahi kuzipima.

Familia ilikwisha kujaribu. Seremala aliitwa, akafunga rafu tatu za MDF kwenye ukuta wa kusini, kwa sababu ndio ukuta uliokuwa mtupu. Masika ya kwanza zikavimba kingo, ya kati ikapinda, ya juu ikang'oka na kopo za nyanya zikaishia sakafuni. Lawama akabebeshwa seremala. Kwa kweli makosa yalikuwa mawili, na la kwanza si la seremala peke yake: ukuta ulikuwa mtupu kwa sababu haufai. Plasta yake inamenyeka hadi usawa wa kiuno na ina unga mweupe wa chumvi, na hiyo ni dalili ya maji yanayopanda kutoka bafuni, yakikauka juu yanaacha chumvi. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba, na hairudi ilivyokuwa hata ukiianika Raskazone kwenye upepo wa bahari wiki nzima.

Kosa la pili lilikuwa la plagi, vile vipande vya plastiki vinavyoingizwa ukutani ili vishike skrubu. Plagi zilikuwa za urefu wa sentimita 3. Plasta ya pale ina unene wa sentimita 1.5 hadi 2, maana yake plagi ilishika tofali kwa sentimita moja hadi moja na nusu tu, na tofali lenyewe ni la mchanga mwingi sementi kidogo. Drili nayo ilitumika na kigongeo, na kwenye tofali dhaifu kigongeo hupanua tundu, plagi ikawa inazunguka humo. Rafu ya namna hiyo huonekana imara ikiwa tupu.

Kabla ya kupiga msumari mwingine wowote, kuta zilipimwa unyevu. Njia haina gharama: kata nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa gundi ya tepu pande zote nne bila kuacha mwanya, iache siku mbili. Ukiibandua ukakuta maji upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukikuta maji upande wa chumbani, ni mvuke wa jiko au hewa ya pwani, na hapo dawa ni dirisha. Kusini nailoni ililowa upande wa ukutani. Magharibi ilikuwa kavu pande zote mbili. Basi chakula ni magharibi, hata kama magharibi hakuna nafasi, na kazi ikawa kujua kwa nini hakuna.

Siku ya kutoa vitu vyote uani, mkeka mmoja haukutosha. Kwa kawaida hapa ndipo watu hushangaa: sehemu kubwa ya kilichojaza jiko si chakula. Chupa tupu za soda na mafuta, makopo ya maziwa yasiyo na vifuniko, chupa ya chai iliyopasuka ndani, mifuko ya plastiki iliyokunjwa ndani ya mifuko, sufuria kubwa za shughuli zinazotoka mara mbili kwa mwaka. Kinu na mchi vilikuwa vimekaa sakafuni kwenye kona kavu kuliko zote. Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya kuviondoa. "Mama, kinu chako hakiendi popote, kinahamia barazani tu chini ya paa," mkwewe akamwambia, na kweli kilihamia hapo, kikageuzwa kifudifudi kisijae maji. Haya ni mambo ya kuongea kwa adabu na mapema; tumeona mipango mizuri ikifa kwa sababu mbuzi ya nazi ya mtu ilihamishwa bila kuulizwa.

Ukuta wa magharibi ulikuwa na kabati la zamani la mbao, upana sentimita 90, kina 50. Ndilo lililokuwa "stoo". Walipolitoa vitu, nyuma kabisa wakakuta pakiti tatu za chumvi zilizogeuka mawe na bizari iliyofunguliwa mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikuonekana. Kina cha 50 kwenye rafu ya vitu vidogo ni hasara: kinachoonekana ni mstari wa mbele, mstari wa pili unanunuliwa upya, mstari wa tatu ni wa mende. Kopo nyingi za jikoni zina kipenyo cha sentimita 8 hadi 15. Rafu ya sentimita 18 au 20 inazitosha, na kila kitu kiko mbele.

Sasa hesabu ya mzigo, maana bila hiyo mtu anajenga rafu kwa kukisia. Kwa mwezi nyumba hii inahitaji mchele kilo 50, sembe kilo 25, ngano kilo 25 kwa wakati mmoja (ya maandazi inaisha mapema, inanunuliwa tena), sukari na maharage kilo 10 kila kimoja, mafuta lita 10. Ndoo ya lita 20 inachukua kilo 16 hadi 17 za mchele. Kwa hiyo gunia la kilo 50 ni ndoo tatu. Unga ni mwepesi na una hewa nyingi: ndoo ileile inachukua kama kilo 12 na nusu ukiigongagonga chini, kwa hiyo kiroba cha 25 ni ndoo mbili. Jumla ndoo saba kubwa. Sukari na maharage vinaenda kwenye ndoo za lita 10 na kinachobaki kwenye makopo.

Ndoo ya lita 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 31 mdomoni na urefu wa 38 hivi pamoja na kifuniko. Pima ya kwako, maana viwanda havilingani. Kwa kipimo hicho kabati la 90 kwa 50 linaingiza ndoo mbili kwa kila rafu, na kuacha sentimita zaidi ya ishirini ubavuni na kumi na tisa nyuma, zisizofaa kitu. Ukuta wote wa magharibi, ukiwa na rafu ya kina cha 32 tu, inayoishia ndani ya zile 36 kabla ya fremu ya mlango, unaingiza ndoo tano kwa mstari mmoja. Na kwa kuwa rafu ni nyembamba kuliko kabati, njia ya kupita kati yake na meza ya zege inapanuka kutoka sentimita 103 hadi 121. Yaani chakula kiliongezeka na jiko likawa kubwa. Kabati likahamia chumbani kuwa la nguo, kazi linayoiweza.

Kilichokuwa kinazuia ni mlango. Ulifunguka kwa ndani, bawaba upande wa magharibi. Ukiwa wazi, nao huwa wazi siku nzima mtu akipika, unasimama sambamba na ukuta wa magharibi na kuziba sentimita 75 zake. Nyuma yake kuna kipande cha sentimita 36 ambacho kila nyumba hukifanya makao ya ufagio na dumu la mafuta. Karibu nusu ya ukuta mkavu pekee ilikuwa imeliwa hapo. Kuhamisha bawaba upande wa pili wa fremu kusingesaidia: mlango ungesimama sentimita 42 mbele ya meza ya zege, mgongoni mwa mpishi. Kilichobaki ni ufunguke kwa nje.

Watu hudhani kugeuza mlango ni kufungua bawaba na kufunga nje. Fremu ya mbao imechongwa ngazi upande wa ndani ambamo mlango hukaa. Upande wa nje uwazi ni mwembamba kwa takriban sentimita 1.2 kila ubavu. Kwa hiyo mlango hupigwa randa na kukatwa: sentimita 1.2 kila upande na kama hiyo juu, na iachwe nafasi ya milimita 3 pande zote kwa sababu mbao huvimba masika. Mlango wa paneli una mbavu za inchi 4, unavumilia ukataji huo. Mlango wa plaiwudi ulio wazi ndani una ubao mwembamba tu pembezoni, ukikata zaidi ya hapo unafungua tumbo lake. Ndani ya fremu hupigiliwa vipande vya mbao vya sentimita 1.2 kwa 3 ili mlango upate pa kugotea. Kitasa huhama, na mashimo yake ya zamani huzibwa kwa vipande vya mbao na gundi. Bawaba zikiwa nje, pini zake zinaonekana. Kwa jiko lililo ndani ya ua wenye ukuta si hoja, lakini nyumba isiyo na ua inafaa pini zigongwe vichwa pande zote mbili zisitoke. La mwisho ni mvua: mlango unaofunguka nje unalowa, kwa hiyo ukingo wa chini upakwe rangi ya mafuta hata sehemu isiyoonekana, hasa hiyo isiyoonekana. Hapa paa la baraza lilikuwa linaufikia, ikatosha.

Rafu yenyewe. Kwa kuwa matofali ni dhaifu, uzito haukuachiwa ukuta. Nguzo tatu za mbao 2x2 (inchi mbili kwa mbili) zinasimama sakafuni zikiegemea ukuta, urefu mita 2; mzigo unashuka kwa nguzo hadi chini, na plagi kazi yake ni kuzuia rafu isiangukie mbele. Hiyo ni kazi ndogo ambayo hata tofali baya linaiweza.

Mbao zote zilinunuliwa za futi 12: 2x2 tatu, 1x6 mbili, 1x8 mbili. Kila 2x2 hutoa nguzo ya mita 2, na vipande vya mita 1.66 vinavyobaki hutoa miguu mitatu mifupi ya mbele ya sentimita 77 na vikingamo sita vya sentimita 30, vya kulala, vinavyobeba mbao za rafu. Mbao za 1x6 zikikatwa katikati zinatoa vipande vinne. Viwili viwili vikiwekwa pamoja na mwanya wa sentimita 2 vinafanya rafu mbili pana za chini, ya kwanza sentimita 15 kutoka sakafuni, ya pili usawa wa sentimita 80. Mbao za 1x8 zinatoa rafu nne nyembamba za juu, kwenye 112, 137, 160 na 183, zikishikwa na breketi za inchi 6 kwenye nguzo za nyuma. Breketi 12, zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa; hewa ya chumvi ya Tanga haisubiri.

Usikate mbao kwa kipimo cha ukuta kilichochukuliwa mara moja. Kuta za plasta hazinyooki. Pima chini, usawa wa kiuno na juu, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa sentimita moja. Hapa 183 ya karatasi ilikuwa 179 karibu na sakafu, mbao zikakatwa 178.

Na nguzo ya kati isiwekwe katikati. Ukigawa 178 nusu kwa nusu, kila upande unabaki na sentimita 81 hivi kati ya nguzo, zinazoingiza ndoo mbili na kuacha uwazi usioingiza ya tatu. Unapata ndoo nne. Ukiisogeza nguzo ili upande mmoja uwe na sentimita 97 na mwingine 65, upande mmoja unaingia tatu, mwingine mbili. Upande wa ndoo tatu unabeba karibu kilo 50 kwa nafasi ya mita moja, kwa hiyo chini ya rafu ya kwanza, katikati ya upande huo, uwekwe mguu mwingine wa sentimita 12 kutokana na mabaki, mbao zisilegee mwaka ukizunguka. Hii ni sentimita kumi na sita tu za kusogeza nguzo, na inatoa ndoo nzima ya mchele.

Kwenye plagi: milimita 8, skrubu za unene wa milimita 5 na urefu wa 100, kwa sababu zinapita 2x2 ya sentimita 5 kwanza, halafu plasta, ndipo zishike tofali. Skrubu ya 70 haifiki popote. Tatu kwa kila nguzo, usawa wa 40, 110 na 190. Drili bila kigongeo. Vumbi lipulizwe nje ya tundu, vinginevyo plagi haikai. Tundu likiangukia kwenye kiungo cha matofali na sementi ikatoka unga, sogea sentimita 6 juu au chini, usilazimishe. Na usitoboe juu ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, maana waya hushuka humo ndani ya plasta.

Juu ya mbao watu wana mapenzi yao. Mtiki wa Longuza kule Muheza ni mzuri, mchwa hauupendi, lakini kwa rafu ya jiko ni anasa. Msonobari uliopigwa dawa unatosha kabisa, ilimradi chakula kikae kwenye ndoo na makopo, kisiguse ubao. Kila mguu umewekwa juu ya kipande cha kigae ili maji ya kudeki yasinywewe na mbao na mchwa akipanda aonekane. Rangi iachwe ikauke siku tatu mlango na dirisha vikiwa wazi kabla ya kuingiza unga. Unga unashika harufu haraka; maandazi yenye harufu ya tepentaini hayauziki.

Ndoo mbili za ngano zilizobaki ziliingia chini ya meza ya zege, uwazi wa upande wa mlango, moja mbele ya nyingine, ya mbele ikitokeza kidogo, juu ya kichanja cha sentimita 15. Uwazi wa 55 ukitoa ndoo ya 31 unabaki na 24, na hapo pakawa pa masinia na kibao cha kusukumia chapati, vyote vikiwa vimesimamishwa wima. Katikati ni mtungi wa gesi. Huo haukuwekewa mlango wala pazia, na wenyewe walitaka pazia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini, na kila kinachoifungia humo chini kinaifanya ikusanyike badala ya kutoka kupitia mlangoni. Mkaa na jiko lake vikahamia uani, ndani ya pipa lenye kifuniko. Uwazi wa kusini, ulio karibu na bafu, ukapewa sufuria za kila siku tu.

Ukuta wa kusini haukutupwa. Plasta mbovu ilibanduliwa, ukasuguliwa kwa brashi ya waya, ukapakwa chokaa ambayo inaruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta hapo ingetoka magamba kabla ya mwaka. Halafu juu ya usawa wa kifua, ambako ni pakavu kiasi, vikafungwa vipande viwili vya mbao vikiwa vimeachanishwa na ukuta kwa sentimita 2, na kulabu. Ungo, mbuzi, kung'uto, vikaangio, miiko. Ungo peke yake ukiwa umelazwa unakula rafu nzima. Ukining'inizwa haudai kitu.

Bado kulikuwa na juu ya mlango. Rafu moja ya sentimita 30, usawa wa mita 2.2, kwa zile sufuria za shughuli na vyombo vya plastiki. Mama wa nyumba alipendekeza ipandishwe pia akiba ya mafuta na sembe. Jibu ni hapana, kwa sababu ya bati. Hewa iliyo juu, karibu na bati, mchana wa Januari au Februari ni moto mno. Mafuta huchacha mapema na unga huanza kunuka uzee. Bibi naye alikuwa na hoja yake: zamani mahindi yalikaa juu ya uchaga jikoni na hayakuharibika. Ni kweli, lakini ule uchaga ulikuwa juu ya kuni. Moshi ulikausha mahindi na kufukuza dumuzi. Gesi haitoi moshi, inatoa mvuke, kwa hiyo mahali palepale pamegeuka kuwa pabaya. Nyumba nyingi zilizohama kutoka kuni kwenda gesi zimebakiza desturi ya kuweka nafaka juu bila ile iliyokuwa inailinda.

Ndoo ziwe mpya au zilizobeba mafuta ya kula. Ndoo ya rangi hata ikioshwa kwa sabuni mara ngapi si ya chakula. Kifuniko kiwe na mpira au kingo zinazobana kwa sauti. Fukusi wa mchele hatoki jikoni kwako. Mara nyingi anakuja ndani ya punje kutoka dukani, kama yai ambalo jicho halilioni, na kwa joto la pwani mwezi mmoja unatosha awe mdudu mzima. Ndiyo maana mchele "uliokuwa safi" unatembea wiki ya tano. Ndoo iliyojazwa hadi mdomoni na kufungwa vizuri inawabana: hewa inakwisha wakiwa wachache. Ndoo ya nusu ina hewa tele. Kwa hiyo fungua ndoo moja, imalize, ndipo ufungue ya pili. Usichote huku na huku. Na kamwe usimwage mchele mpya juu ya uliobaki. Ndoo ikiisha ifutwe, ianikwe juani na kifuniko chake, ndipo ijazwe. Mwenye freza anaweza kugandisha maharage kwa wiki moja kabla ya kuyaweka. Mchele usianikwe jua kali muda mrefu, punje hukatika.

Mahindi na karanga viliachwa nje ya mpango huu makusudi. Nafaka hizo zikihifadhiwa na unyevu zinaota kuvu wa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Jiko dogo la pwani, lenye mvuke wa chungu mchana kutwa, si mahali pa kuweka gunia la mahindi. Bora kununua sembe ya mwezi. Vilevile tuliwashauri wasichukue viroba viwili vya ngano kwa pamoja hata kama bei inashawishi: duka la jumla liko umbali wa kutembea, basi kiroba cha pili kikae kwake.

Vitunguu viliwekwa kwenye wavu, vikaning'inizwa kwenye dirisha la mashariki. Viazi vikaenda kwenye kapu chini ya rafu ya 80, gizani, mbali na vitunguu kwani pamoja vinaozeshana. Nazi zilizofuliwa zinakaa kwenye susu barazani. Sabuni, dawa ya panya na mafuta ya taa havikupewa rafu hata moja jikoni, vimehamia stoo ya uani kwenye kasha lenye kufuli, juu ya mkono wa mtoto.

Panya bado wapo mtaani, hawajaambiwa wahame. Panya mdogo anapenya tundu la unene wa penseli, kwa hiyo tundu la bomba kwenye ukuta wa bafu lilizibwa kwa waya wa matundu ya milimita 6 na sementi juu yake. Chini ya mlango uliogeuzwa kulibaki mwanya wa sentimita 2. Ukapigiliwa ukanda wa bati. Zile sentimita 15 chini ya rafu ziachwe tupu kabisa. Mtu atatamani kuingiza ndala, chupa, mfuko wa mkaa. Siku anapoanza, ufagio unaacha kufika na kinyesi cha panya hakionekani tena.

Masika yakipita, mwezi wa sita hivi, kuna mambo ya kukagua. Shika nguzo ya kati kwa juu uivute: ikicheza, skrubu zimelegea, zikazwe au plagi ibadilishwe kwa kubwa zaidi. Pitisha pima maji juu ya rafu ya kwanza upande wa ndoo tatu, uone kama imepinda. Mlango ukianza kukwaruza fremu usikimbilie randa. Subiri kusi ikaushe hewa, uutazame tena Agosti, kwa sababu mlango uliochongwa ukiwa umevimba huwa mdogo kiangazi, na mwanya wake ndio mlango wa panya.